Kumbukumbu ya Daftari la Kifaransa: Sehemu ya Mapenzi na Maneno ya Kila Siku

Sehemu ya maneno ya mapenzi katika daftari langu la Kifaransa imekamilika. Nilianza na chérie, yaani mpenzi, na mon amour, yaani penzi langu, kwa kuwa wengi wetu tuliyasikia katika rumba ya Kongo kabla hatujafungua kitabu chochote cha lugha hiyo. Mwanamume huitwa chéri na mwanamke chérie, lakini tofauti hiyo huonekana katika maandishi tu, kwani matamshi ni yaleyale.

Kazi ilizidi kuwa tamu nilipowafikia wanyama na mboga. Mfaransa humwita ampendaye mon lapin, yaani sungura wangu, au ma puce, yaani kiroboto changu, na mon chou ni kabichi yangu, ijapokuwa wapo wanaolihusisha neno hilo na keki ndogo yenye krimu ndani, jambo ambalo kwangu linaleta picha nzuri zaidi. Nimeamua kuandika maana katika safu mbili: ya kwanza inafasiri neno kwa neno, na ya pili inaonyesha kile ambacho mzazi au mpenzi wa kwetu angesema mahali hapo. Hivyo ma puce, ambalo watoto huitwa sana, limepata kiroboto upande mmoja na kipenzi changu upande wa pili.

Kanuni ya mon (wangu, kwa nomino za kiume) na ma (kwa nomino za kike) haimpi shida aliyezoea ngeli, kwa sababu kimilikishi hufuata jinsia ya nomino, wala si ya mtu anayeitwa. Mvulana anaweza kuitwa ma puce na msichana mon trésor, hazina yangu. Rafiki wa kike, hata hivyo, ni mon amie badala ya ma amie, kwa kuwa nomino inaanza na irabu.

Je t'aime ni nakupenda, na huambiwa mpenzi. Ukiongeza bien, neno ambalo kwa kawaida humaanisha vizuri, upendo haukui bali unapungua, na je t'aime bien humfaa rafiki. Nimeipigia mstari mwekundu. Tu me manques nimeifasiri nina hamu nawe, ingawa katika Kifaransa mtenda wa sentensi ni yule asiyekuwapo.

Katika maneno ya kila siku nimetenganisha maneno mawili ya tafadhali: s'il te plaît, la mtu wa karibu, na s'il vous plaît, la mgeni, mkubwa au watu wengi. Bonsoir husemwa jioni wakati wa kukutana, ilhali bonne nuit ni ya kwenda kulala. Nimeandika pia kwamba katika maduka ya Ufaransa salamu ya bonjour hutangulia swali lolote, desturi ambayo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa. Mademoiselle, jina la heshima la mwanamke asiyeolewa, nimeliweka pamoja na maelezo kwamba serikali ya Ufaransa iliagiza mwaka 2012 liondolewe katika fomu zake rasmi, ingawa bado husikika mitaani.

Sasa ninaingia kwenye nambari. Kwa kuwa daftari hili litatumika Lubumbashi na Bujumbura kuliko Paris, 70 itaandikwa septante na 90 nonante, kama zinavyosemwa pia Ubelgiji, na soixante-dix na quatre-vingt-dix za Ufaransa zitakaa pembeni. 80 haina mjadala, ni quatre-vingts kote huko.