Hali ya Nne

Ilikuwa Desemba, wiki ile ambayo nusu ya Dar huhamia Moshi. Nilikuwa nimeandika programu ya kuuza tiketi za basi kwa simu: abiria anachagua siti, anaweka namba ya siri, kampuni ya simu inakata hela na kutuma taarifa kwenye seva yetu, tiketi inatoka. Muamala niliupa hali tatu tu: unasubiri, umelipwa, umeshindikana. Zikipita sekunde 60 za ukimya, unashindikana na siti inauzwa tena.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hela imekatwa mara mbili, na siti sina."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwenye logi, kumbukumbu ya kila tukio kwenye seva, niliyaona malipo yote mawili. Taarifa ya malipo ya kwanza ilifika sekunde ya 74, ya pili sekunde ya 81. Kila mara programu ilikuta muamala umeshafungwa, ikaitupa taarifa. Na hakuwa peke yake.

Nilichana boksi la karatasi, nikachora juu yake duara kwa kila hali na mshale kwa kila tukio. Kwenye kila duara nikajiuliza: taarifa ikija hapa imechelewa, au ikija mara mbili, inakwenda wapi? Mishale mingi sikuwa nimeichora kabisa. Nikakumbuka mchoro tuliosomeshwa chuoni wa TCP, kanuni ambazo kompyuta hufuata kupelekeana data mtandaoni, ule ulio kwenye waraka wake wa mwaka 1981, RFC 793. Una hali 11, na mojawapo, TIME-WAIT, kazi yake ni kungoja tu: anayetangulia kufunga mawasiliano hukaa dakika 4, ili pakiti, yaani vipande vya data, zilizochelewa njiani zisije zikaingia kwenye mawasiliano mapya. Wale walioiandika TCP walijua mapema kwamba mtandao huchelewesha. Mimi nilisikia kimya nikakiita kukataa.

Nikaongeza hali ya nne: haujulikani. Kimya kikizidi, muamala unaingia humo, siti inabaki imeshikwa, na seva inaiuliza kampuni ya simu kwa namba ileile ya muamala mpaka ipate jibu. Taarifa ikirudiwa kwa muamala uliokwisha kulipwa, haibadilishi kitu.

Mama alirudishiwa malipo moja, akasafiri kesho yake. Nilikwenda stendi kumwomba radhi. Akaniuliza, hela ikichelewa tena njiani, mashine itamsubiri?

Nikamwambia itamsubiri.