Rizevu imejaa, rejeta haina kitu

Juni hii, tatizo la gari langu nililijua kwa vidole. Iringa asubuhi za mwezi huo baridi inauma, na nikimpeleka mwanangu shule huwa nawasha hita. Wiki ile hita ikaanza kutoa uvuguvugu, halafu hewa ya baridi kabisa. Mshale wa joto ulikuwa umetulia mahali pake. Nikafungua boneti, nikatazama rizevu, ile chupa ya akiba: kulanti, yaani maji ya kupozea injini, imepita mstari wa FULL. Nikafunga boneti nikaondoka, roho kwatu.

Kumbe nilikuwa natazama mahali pasipo penyewe.

Kulanti ikipata moto inatanuka. Injini ndogo kama yangu, inayobeba lita sita hivi, ikitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi kufika nyuzi 90, kulanti yake inaongezeka kama robo lita. Ziada hiyo inainua springi ya mfuniko wa rejeta, kile kipozeo cha mbele ya injini, inapita kwenye kipaipu chembamba na kwenda kukaa kwenye rizevu. Usiku injini ikipoa, rejeta inavuta, kivali kilicho katikati ya mfuniko kinafunguka, na robo lita ile inarudi ilikotoka. Ndiyo maana ukitazama rizevu jioni umetoka safari utaona imepanda, na asubuhi imeshuka. Hiyo ni afya. Ya kwangu ilipanda, na asubuhi ikawa bado iko juu.

Fundi wa kwanza alisema, "Dada, hiyo ni hedi gasketi, hewa ya silinda inasukuma maji. Tufungue." Gasketi hiyo ndiyo inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, silinda hedi. Hakukisia ovyo, maana gasketi ikiungua rizevu hujaa hivyo hivyo. Ila mimi sikuona mapovu, oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na paipu kubwa ya juu asubuhi ilikuwa laini nikiiminya. Kufungua silinda hedi ni pesa nyingi. Nikamwomba anipe siku chache.

Nikabandika selotepu ubavuni mwa rizevu, na kila saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kuwasha gari, nachora mstari kwa kalamu. Siku ya nne mistari yote ilikuwa juu ya FULL, hakuna hata mmoja ulioshuka. Hapo ndipo nikafungua mfuniko wa rejeta wenyewe, injini ikiwa imelala usiku kucha. (Injini ikiwa ya moto usiuguse hata kwa kitambaa, kulanti iliyobanwa huruka usoni.) Nikachungulia kwa tochi ya simu. Niliona chuma kikavu.

Nilipoijaza kulanti, rejeta ilimeza karibu robo tatu ya lita.

Kosa lilikuwa kwenye kile kipaipu chembamba, pale kinapovaa shingo ya rejeta. Nilipokikunja kwa kidole, chini ya klipu pakafunguka ufa mfupi kama ukucha, na pembeni yake utando wa pinki uliokauka. Kulanti ikisukumwa kwenda rizevu ilipita, ikivujisha tone tu. Usiku rejeta ikivuta, hewa iliingia kupitia ufa kirahisi kuliko kulanti kupanda kutoka chini. Kila usiku rejeta ikawa inakunywa hewa, na hita, iliyo juu, ikawa ya kwanza kukosa maji ya moto. Kipaipu kipya ni shilingi elfu tatu.

Mfuniko nao nilibadilisha, kwa kuwa mpira wake ulikuwa umekakamaa. Umeandikwa 1.1, ndiyo nguvu unayobana. Huku kwetu, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kulanti iliyobanwa na mfuniko mzima inavuka 120 bila kuchemka. Anayepanda mlima wa Kitonga akitokea Ruaha Mbuyuni, buti limejaa vitunguu na jua la saa nane, anahitaji kila nyuzi hapo. Nasikitika sana kuona watu wameegesha kando ya kona za mlima huo, boneti juu, wanamwaga maji ya chupa kwenye rizevu wakati rejeta ndiyo yenye kiu.

Selotepu bado ipo. Mistari ya wiki hii imelaliana, siwezi kuutofautisha wa Jumatatu na wa leo, na hita inatoa joto kabla hatujafika Ipogolo.