SOP ya BS kutoka kabatini mpaka benchini, uzoefu wangu

Mimi ni mtu wa maabara, nafanya kazi kwenye kituo binafsi huku Mbagala. Niliposhikishwa mambo ya kwaliti, SOP, yaani maelekezo yaliyoandikwa ya kufanya kipimo hatua kwa hatua, tulikuwa nazo tena nyingi tu, faili nene na kila ukurasa una saini, ila yule anayefanya kipimo saa nane usiku hana habari nalo, linashushwa kabatini wakaguzi wakikaribia halafu linarudi juu. Ukienda benchini kila mtu na staili yake aliyotoka nayo chuo au kazi ya zamani.

Nikaanza na BS ya malaria, ile damu inayopakwa kwenye slaidi na kusomwa kwa darubini, maana ndo inatujazia foleni, hasa masika. Kwanza sikuandika kitu. Nilikaa na kidaftari naangalia wenzangu wanavyofanya, shifti ya asubuhi, ya jioni, ya usiku, nikawaambia kabisa sitafuti wa kumsema, natafuta kazi inavyokwenda. Sasa nilichokiona, Giemsa, ile rangi inayofanya vimelea vionekane, ina njia mbili zinazokubalika, ya asilimia 10 unaiacha dakika 10, ya asilimia 3 unaiacha dakika 30 mpaka 45, zote ziko sawa, ila sisi tulikuwa tunazichanganya, mtu anatengeneza rangi nyepesi halafu anaosha baada ya dakika 10 kwa sababu nje watu wamejaa, slaidi inatoka imepauka, vimelea havionekani vizuri, na mama wa watu anaambiwa mtoto hana malaria. Mwingine anazimua rangi kwa maji ya bomba. Giemsa inataka bafa, yaani maji maalum ambayo kiwango chake cha asidi hakiyumbi, ya pH 7.2, na maji ya visima vya huku yana chumvi mnajua wenyewe, ukiyatumia kile kiini chekundu na ule mwili wa bluu wa kimelea havitofautiani unavyotaka.

Na kukausha! Hiki kwenye faili kilikuwa na mstari mmoja tu, "acha ikauke". Dar yenye unyevu huu tone nene, ile damu iliyorundikwa sehemu moja ya slaidi, linachukua muda kukauka, kwa hiyo mtu anaona bora aliweke karibu na kitu cha moto. Joto likishaligandisha basi tena, zile seli nyekundu hazipasuki ndani ya rangi na usipozipasua huwezi kuona chini yake kuna nini. Ndo maana tone nene halifikswi, yaani haligandishwi kwa methanoli, methanoli ni ya ule mpako mwembamba wa damu iliyotandazwa peke yake. Nikaandika hivyo hivyo na sababu yake pembeni, slaidi ilale bapa, feni, mbali na moto na vumbi. Mimi naamini mtu akijua kwa nini hawezi kuruka hatua kirahisi, ukimpa amri tupu ataifuata siku ambazo hana haraka.

Kuandika kwenyewe nilijiwekea kitu kimoja, sentensi moja kitendo kimoja. Sio "andaa rangi", ni "chukua Giemsa mililita 1, ongeza bafa mililita 9, changanya taratibu, tumia leo, isilale". Ile SOP ndefu ya Kiingereza ikabaki kwa ajili ya ISO 15189, kile kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, na ukaguzi, ya benchini nikaiandika Kiswahili tunachoongea, ukurasa mmoja, nikailaminisha. Zote mbili zina namba moja na toleo moja, hapo msifanye mchezo, ikibadilika moja bila nyingine mtakuwa na maabara mbili ndani ya chumba kimoja. Makaratasi ya zamani yaliyobandikwa ukutani nikayabandua yote.

Halafu ndo nikaipima SOP yenyewe. Nikampa binti wa intani ambaye hajawahi kufanya BS kwetu, nikamwambia fuata karatasi, mimi nipo hapa ila sisemi kitu. Kila aliposimama akanitazama nikaweka alama. Kuna sehemu akauliza "kaka, hii osha, naosha mpaka lini?" na kweli haikuandikwa, na ukiosha kwa nguvu tone nene linaondoka na maji. Alama zote zikawa marekebisho, nikampa mwingine tena, mpaka ikafika hatua mtu anamaliza bila kuinua kichwa.

Kufundisha sasa. Kwetu mafunzo yalikuwa ni kupitisha karatasi watu wasaini kwamba wamesoma. Hiyo nikaiacha, saini inakuja mwisho. Kwanza unanionyesha ukifanya, unaniambia sababu, halafu nakupa slaidi ambazo majibu yake ninayo mimi, usome. Hasi huandiki mpaka umepitia uwanja 100 kwa lenzi ya mafuta, duara moja unaloliona darubinini ndo uwanja mmoja, chanya unahesabu vimelea dhidi ya seli nyeupe 200.

Tuna mzee mmoja mkongwe sana, huyo alinijibu "mwanangu, mimi nasoma slaidi tangu wewe hujazaliwa". Nikamwambia shikamoo mzee, na ndo maana nimekuja kwako, sehemu ya kusoma slaidi siwezi kuiandika bila wewe. Akakaa, akanieleza jinsi chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinavyodanganya watu wakadhani ni vimelea, jinsi vipande vya rangi isiyochujwa vinavyokaa juu juu ukizungusha fokasi, vitu ambavyo havimo kwenye faili lolote nililowahi kushika. Nimeviandika vyote. Sasa hivi anayefundisha wageni kusoma ni yeye, na ukiruka hatua ya bafa yeye ndo anakuwahi kabla yangu.

Kutoka hapo tukahamia chumba cha kutolea damu. Pale niliwaeleza manesi kitu kimoja tu, ile tyubu ya zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu, ukimimina damu yake kuongezea tyubu nyekundu potasiamu inapanda na kalsiamu inashuka, daktari anaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Walishangaa, maana siku zote waliambiwa "usichanganye" na basi. Wakaomba wenyewe mpangilio wa tyubu ubandikwe juu ya kiti, nyekundu kabla ya zambarau.

Kila benchi nimeacha kalamu na karatasi ya maoni, hatua isiyofanyika kiuhalisia iandikwe na tarehe. Ya usiku ndo inajaa zaidi, juzi wameandika habari ya friji umeme ukikatika, nani anasoma kipimajoto na ikipita nyuzi 8 rijenti, yaani kemikali za vipimo, zinahamishiwa wapi. Hiyo ndo naiandika wiki hii, na nitaingia shifti ya usiku nikaione wanavyofanya kabla sijagusa kompyuta.