Mapambo ya Bustani ya Vichimbakazi: Skeli Kwanza, Urembo Baadaye

Wengi wanaoanza kutengeneza bustani ya vichimbakazi, wale viumbe wadogo wa hadithini, yaani mandhari ndogo iliyopandwa ndani ya chungu au beseni na kuwekewa nyumba, njia na samani za kimo cha kidole, hununua mapambo kwanza, kisha ndipo hutafuta pa kuyaweka. Matokeo yake ni uyoga mwekundu uliopita paa la nyumba kwa urefu, benchi ambalo mwenyeji wake hawezi kulikalia bila ngazi, na konokono anayeweza kuubomoa mlango kwa kupita tu. Kila kimoja ukikitazama peke yake kinapendeza. Vikikaa pamoja vinagombana. Kwa hiyo mimi hushikilia kwamba pambo lolote, hata likiwa zuri namna gani, sharti lipimwe kabla halijaingia bustanini.

Skeli, yaani uwiano wa kipimo cha pambo na cha kitu halisi, zilizozoeleka zimetokana na nyumba za wanasesere: 1:12, 1:24 na 1:48. Katika skeli ya 1:12, mlango ambao katika nyumba ya kawaida una urefu wa mita 2 huwa na sentimita 17 hivi. Katika 1:24 hupungua hadi sentimita 8 na kidogo, na katika 1:48 hubaki sentimita 4. Hesabu hii ina faida zaidi ukiigeuzia kwenye chungu chenyewe. Chungu chenye upana wa sentimita 30, ukikipamba kwa vitu vya 1:12, ni sawa na eneo lenye upana wa mita 3.6 tu, yaani chumba kimoja, na nyumba nzima haiwezi kuenea humo bila kubanana. Chungu hichohicho kwa skeli ya 1:24 kinakuwa ua wa zaidi ya mita 7, wenye nafasi ya kibanda, njia ya kupinda na mti wa kivuli. Wauzaji hawaandiki skeli kwenye bidhaa zao kila mara, ndiyo maana ni vizuri kwenda dukani na rula na kupima urefu wa mlango au wa kiti. Kiti cha kawaida huwa na kimo cha sentimita 45 hivi kutoka sakafuni hadi pa kukalia, basi cha 1:24 hakipaswi kufika sentimita 2.

Mimea nayo ina skeli yake, jambo ambalo wapambaji husahau. Jani lenye upana wa sentimita 1 likisimama kando ya nyumba ya 1:24 linasomeka kama jani la sentimita 24, na hapo kichaka kinakuwa msitu wa ajabu. Rosemari changa, ikipogolewa matawi ya chini ili shina lionekane, hufanya mti unaoaminika kwa sababu majani yake ni membamba. Taimu ya kutambaa hufaa kuwa nyasi za uani, na kuvumwani hupendeza kwenye kivuli, palipo na unyevu. Ila usichanganye katika chungu kimoja mmea unaopenda ukavu, kama rosemari, na ule unaotaka udongo wenye majimaji, kwa maana mmoja wao utakufa na kuyaacha mapambo yakiwa yamezunguka kisiki.

Baada ya skeli, linalofanya bustani ionekane ina wakazi ni dalili za matumizi. Njia haina budi kuanzia mahali na kuishia mahali: kutoka lango hadi mlangoni, au kutoka mlangoni hadi kisimani. Changarawe zenye kingo kali hushikana zikishindiliwa, ilhali zile za mviringo huviringika na kutawanyika unapomwagilia. Mbele ya mlango weka jiwe bapa la kukanyagia. Toroli usiliweke katikati kana kwamba linauzwa; liegemeze ukutani, ulitie udongo kidogo, na karibu yake uache kikoleo kilichochomekwa ardhini. Vyombo vitatu vilivyowekwa hivyo vinasema mengi kuliko ishirini vilivyopangwa mstari mmoja. Na kichimbakazi mwenyewe? Kwa maoni yangu, bustani inapendeza zaidi asipokuwepo, kwa kuwa sanamu haisogei, na macho huichoka upesi.

Anayedhani mchezo huu ni wa juzi amkumbuke Sir Charles Isham wa Lamport Hall, Uingereza, ambaye katika miaka ya 1840 alianza kujenga mlima mdogo wa mawe, akaupanda miti mifupi, na kuuwekea sanamu za udongo wa kuchoma za vijizee vyenye kofia, alizozitoa Ujerumani. Kati ya sanamu hizo imebaki moja tu.

Kudumu kwa mapambo hutegemea malighafi. Resini, yaani utomvu bandia unaoganda kama plastiki ngumu, ni nyepesi na ina nakshi nzuri, lakini jua kali huifubaza rangi na mwishowe huifanya ivunjike kirahisi. Vanishi ya nje yenye kinga dhidi ya miale ya jua huchelewesha hali hiyo. Chuma kisichopakwa rangi hushika kutu. Mti huoza kuanzia upande unaogusa udongo, kwa hiyo nyumba ya mbao ikalishwe juu ya kipande cha kigae. Vitu virefu na vyepesi, kama taa za njiani na vibao, viwe na waya wa kuchomeka chini, la sivyo maji ya kwanza ya kumwagilia yataviangusha.

Bwawa ni pambo ninalolionea shaka. Maji halisi yakituama hata kwenye kifuniko cha chupa, mbu hutaga humo, na katika joto wanaweza kukamilisha ukuaji wao ndani ya siku 7 hadi 10. Kipande cha kioo chenye kingo zilizofichwa kwa changarawe, au resini angavu iliyomiminwa juu ya vijiwe, hutoa sura ileile bila kero hiyo. Taa za sola zinafaa, mradi kijipaneli chake kifichwe nyuma ya nyumba na bado kipate jua.

Kazi inayobaki ni mkasi. Taimu ikiachwa itafunika njia, na rosemari itaipita nyumba, kwa hiyo ni bora kupogoa kidogokidogo kila unapomwagilia kuliko kungoja hadi kila kitu kipotee. Wakati wa kupogoa toa mapambo yote, yasugue kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, yakaushe kivulini, na yale ambayo vanishi yake imeanza kubabuka uyapake upya kabla ya kuyarudisha.