Kwenye Safu ya Tabaka Waliandika "Mkristo"

Mzee alivua kandambili zake mlangoni. Kila mtu ndani ya ofisi ile alikuwa na viatu miguuni, na vya karani mwenyewe vilijaa tope, lakini baba yake mwenzangu alivua, akazisogeza ukutani kwa kidole cha mguu, akaingia peku. Mwenzangu akatazama pembeni. Mimi nikaganda kizingitini na raba zangu, sijui nivue au nisivue.

Ilikuwa Juni 2013, mvua za monsuni ndiyo kwanza zimeshika, katika mji mdogo wa wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, India. Nilikuwa nasoma Bengaluru, na hosteli tulikaa chumba kimoja na kijana wa kabila la Wasiddi. Hao ni Wahindi ambao wazee wao walitolewa Afrika. Wengi waliletwa na Wareno kupitia Goa, wengine na wafanyabiashara Waarabu, na waliotoroka utumwa waliingia misitu ya milima ya Ghats Magharibi, wakabaki huko. Leo wanasema Kikonkani na Kikannada, na kati yao kuna Wahindu, Waislamu na Wakristo. Siku ya kwanza hosteli nilimwamkia kwa Kiswahili nikidhani nimepata mtu wa kwetu. Mimi ni wa Mtwara, na sura yake ningeweza kuikuta Masasi au Newala nisigeuke mara mbili. Akanijibu kwa Kikannada.

Safari hii tulimsindikiza mdogo wake wa kike. Alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la kumi, na ili apate nafasi ya kuendelea, pamoja na kitanda cha hosteli ya serikali, alihitaji cheti cha tabaka, hati ya serikali inayothibitisha kwamba mtu ni wa tabaka au kabila lililoachwa nyuma, lililotengewa nafasi za masomo. Mama yao alikuwa amezifunga karatasi zote ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko wenyewe ndani ya mwingine. Karani alizitoa moja moja, akafika kwenye cheti cha kumaliza shule, akaweka kidole.

"Hapa kwenye safu ya tabaka wameandika Mkristo."

Cheti cha kaka mtu, shule ile ile, kiliandikwa Siddi. Watoto wa tumbo moja, walimu wawili tofauti wenye kalamu.

"Mkristo hana tabaka," karani akasema, akarudisha karatasi.

Alikuwa amechanganya mambo mawili. Kwa Wadalit, wale walioitwa wasioguswa, sheria ya India inaangalia dini: agizo la mwaka 1950 liliwatambua Wahindu karibu peke yao, Masingasinga wote wakaongezwa 1956 na Wabuddha 1990. Mdalit Mkristo yuko nje ya orodha mpaka leo, na mimi naona hiyo ni dhuluma. Lakini kwa makabila yaliyoorodheshwa, yaani yaliyoandikwa rasmi na serikali ili yatengewe nafasi, dini haihusiki. Wasiddi wa wilaya ile waliingizwa kwenye orodha mwaka 2003, wa dini zote tatu. Mwenzangu aliyajua hayo yote kwa moyo. Akaanza kueleza kwa adabu, na karani akanyanyua mkono kumnyamazisha, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu? Naye ni Msiddi?"

Nikasema natoka Tanzania. Akaegemea kiti, akawageukia watu waliopanga foleni nyuma yetu. "Huyu Mwafrika, na hawa wamefanana naye. Sasa hapa Mhindi ni nani?" Baadhi wakacheka. Nilitamani nisingekuja. Walinialika kama mgeni wa heshima, na sasa uso wangu ulikuwa umegeuzwa ushahidi dhidi yao.

Mzee hakupaza sauti. Mwenzangu alinitafsiria baadaye, neno kwa neno, kwa sababu nilimwomba. "Babu yangu alipanda popoo za watu humu msituni. Baba yangu alizichuma. Mimi nazichuma mpaka leo, na shamba si langu. Kijana huyu amekuja kwa ndege, ni mgeni wangu, mwulize yeye pasipoti. Mimi niulize popoo."

Foleni ikanyamaza. Karani hakukataa, na cheti hakutoa. Alitaka barua ya mwalimu mkuu na uchunguzi wa ofisa wa kijiji. Chuoni zilibaki siku tisa kabla ya kufunga maombi.

Tulikaa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, mvua ikipiga bati. Hapo ndipo mwenzangu aliponieleza jambo ambalo masikio yangu hayangeweza kulishika. Kikannada kina namna mbili za kumwambia mtu "wewe": *nivu*, ya heshima, na *ninu*, ya mtoto au rafiki wa karibu. Muda wote ule karani, kijana mdogo kuliko tulivyodhani, alimwambia mzee wa miaka sitini *ninu*. Mzee akamjibu *nivu*.

Kisha mwenzangu akanigeukia. "Na wewe uliwahi kusema."

Nilijua anachokisema. Mwaka wa kwanza, orodha ya waliopokelewa ilipobandikwa, mbele ya majina palikuwa na herufi: GM kwa walioingia kwa ushindani wa wazi, SC kwa Wadalit, ST kwa makabila yaliyoorodheshwa, 2A, 3B na nyingine kwa tabaka nyingine zilizotengewa nafasi. Hosteli nzima swali lilikuwa moja: umeshika nafasi ya ngapi kwenye mtihani wa jimbo? Linaulizwa kwa upole, kana kwamba ni salamu, lakini wote wanajua linatafuta nini: uliingia kwa alama au kwa mgao. Usiku mmoja mjadala ulipamba moto, nami nikachangia kwamba kila mtu aingie kwa alama zake, mimi mwenyewe nimelipa ada kamili na sikubebwa. Mwenzangu alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Nilidhani amelala.

Katika mjadala ule walikuwapo wenye uchungu wa kweli. Mmoja alikuwa mtoto wa kuhani wa hekalu dogo, Brahmin, wa tabaka la juu, lakini maskini kabisa, na njaa yake haikuwa ya kuigiza. Miaka baadaye, 2019, India ilirekebisha katiba ikatenga 10% kwa maskini wa tabaka zilizokuwa nje ya mgao, na nilimkumbuka. Lakini wengi waliopiga kelele walikuwa wamelipiwa tuisheni miaka miwili mfululizo. Mwenzangu alisoma kwa kibatari, na alikuwa wa kwanza katika ukoo wake kukanyaga chuo. Katika taasisi za serikali kuu, makabila yaliyoorodheshwa yametengewa 7.5% ya nafasi, Wadalit 15%, na tabaka nyingine zilizoachwa nyuma 27%. Jimboni, wakati ule, makabila yote ya aina yake yaligawana 3%. Hiyo 3% ndiyo iliyowanyima watu usingizi.

Nilimwomba radhi pale kwenye chai. Hakusema "usijali". Alisema, "Nimesikia."

Binti alikuwa kimya muda wote, ameupakata mfuko wa nailoni. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha shule: "Kaka, kwenu kwenye fomu mnaandika nini?"

Nikamwambia kwa kujivuna kidogo kwamba kwetu fomu haziulizi kabila. Akafikiri. "Basi aliyeachwa nyuma wanamjuaje?"

Hapo nikamkumbuka mama. Mama alizaliwa kijiji cha ndani kabisa, na aliingia sekondari miaka ya 1970, wakati nafasi ziligawanywa kwa mikoa ili watoto wa mikoa iliyokosa shule wasimezwe na wa kule ambako shule zilikuwa nyingi tangu mkoloni. Hadithi hiyo niliisikia tangu utoto na sikuwahi kuiita kwa jina lake. Ada niliyojivunia usiku ule ililipwa na mshahara wa ualimu uliotokana na mgao. Nilimweleza binti yote hayo.

"Watu walimsema?" akauliza.

Sikujua. Jioni, nyumbani kwao, nilipanda kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, nikampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Mbona sauti hiyo?"

Nikamuuliza. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Walinisema," akasema. "Walisema nimeletwa na mkoa. Nilipokuwa wa tatu darasani wakasema walimu wananionea huruma. Mbona unaniuliza leo?"

Nikamsimulia habari ya mzee na popoo. Akataka nimpe simu binti, ingawa hawakuwa na lugha moja. Nikashuka nayo ndani. Binti akaishika kwa mikono miwili, akasikiliza Kiswahili asichokielewa, huku akiitikia kwa kichwa.

Cheti kilitoka siku moja kabla ya maombi kufungwa. Mzee alikifuata mwenyewe.