Siku moja maishani mwangu: tunaitwa wachimba dhahabu, siku nyingi tunachimba maji

Hii naiandika kwa sababu ya shemeji yangu wa Igoma, hapo Mwanza mjini. Jumapili iliyopita nimepita kwake angalau nioge maji ya bomba kama binadamu, sijakaa hata kwenye kochi kashaniuliza mbele za watu, "shem, leo umetuletea kilo ngapi?" Kilo! Mi mwaka wa nne huu kwenye maduara, yaani haya mashimo ya dhahabu, kilo naijua ya sukari tu. Dhahabu yetu inahesabiwa kwa gramu na pointi, vipande vya gramu, na kuna miezi hata hiyo pointi hakuna. Kwaiyo shem, na wengine mnaodhani tunaokota, someni siku yangu ya leo.

Niko Misungwi, ukiacha lami ya Mwanza–Shinyanga unaingia ndani na bodaboda mpaka mgongo ukuume. Tuko sita, tumekua wote mtaa mmoja. Masalu ndo mkubwa wetu, Shija, mapacha Kulwa na Doto, Mabula, na mimi. Duara letu lina mita 27 kwenda chini, mdomo wake mita moja na ishirini kwa mita moja na ishirini. Hebu pima hapo sebuleni kwako uone ukubwa wake, ndo dunia yetu hiyo.

Saa 11 alfajiri

Nimeamshwa na baridi. Usiku mvua ilipiga, mwezi wa nne huu unaujua. Chai ya rangi, michembe (viazi vitamu vya kukausha) na karanga, hamna anayeongea. Tukaenda kupima maji. Kipimo chetu ni kamba yenye jiwe mwishoni na fundo kila mita, unaishusha mpaka iguse chini, unaivuta, unahesabu mafundo yaliyolowa. Masalu akaipitisha vidoleni polepole kama mtu anahesabu tasbihi. Moja. Mbili. La tatu nalo limelowa. Mita tatu za maji. Wote tukamgeukia Mabula, maana jina lake kwa Kisukuma ni mtoto aliyezaliwa kwenye mvua, na kila maji yakijaa lawama ni zake, akasema "jamani mi nimelala na nyie humu humu."

Saa 12

Daftari. Hakuna anayeshuka bila jina lake kuandikwa na saa aliyoshuka, na juu wanabaki watu wawili muda wote, hata iweje. Majirani wanatucheka eti tumegeuka ofisi. Wacheke. Oktoba 2015 kule Nyangalata, Kahama, wenzetu walifukiwa, watano wakaja kutolewa hai baada ya siku 41. Siku 41 wanakula mende na magome ya miti. Masalu anasema sisi tukifukiwa asiwepo mtu wa kubishana juu tulikuwa wangapi.

Saa 1 mpaka saa 2 tukakagua matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisimeguke, mawili yamelegea tukayabana, basi.

Saa 2 na nusu, tajiri kaja

Hapa ndo siku ilipoharibika. Pampu yetu ya umeme, ile ya kuzamisha kwenye maji, iliungua koili juzi, iko kwa fundi mjini anaisuka, na huyu fundi "kesho" yake mnaijua. Tajiri wetu, yule aliyetoa hela ya matimba na jenereta kwa makubaliano ya kugawana mifuko ya mawe, kapigiwa simu, akasema tulieni naleta dawa. Kaja na Noah, kaja na pampu ya petroli mpya kabisa, ile ya kumwagilia bustani, bado ina nailoni.

Masalu akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, hii haitavuta."

"Marahaba. Haitavuta kwa nini? Bomba si ninalo la mita 40 hapa?"

Sasa jamani mi fizikia niliishia kidato cha pili lakini hili nimelijua kwa kulipia. Pampu ikikaa juu haiyavuti maji kama wewe unavyovuta ndoo na kamba. Inachofanya ni kutoa hewa ndani ya bomba, alafu hewa ya nje kwa uzito wake ndo inayasukuma maji yapande. Na uzito wa hewa una mwisho wake. Kule usawa wa bahari unainua maji mita 10 hivi basi, huku kwetu ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwaiyo hata ukiwa na pampu ya malaika ni kama 9, na hizi za dukani ukipata 7 kamshukuru Mungu. Sisi maji yetu yako mita 24. Bomba hata liwe la mita 100 ni kazi bure.

Nimemwelezea hivyo hivyo kama nilivyoandika. Kanisikiliza, katingisha kichwa, kasema "washa tuone."

Tukawasha. Dakika arobaini! Tukajaza maji kwenye pampu, tukatoa hewa, tukafunga, ikanguruma, mpira ukajibana katikati kama mrija wa juisi ukivuta boksi limeisha, tone hakuna. Tukazima, tukaanza upya. Mara ya tatu akasema mpira tumefunga vibaya. Akafunga mwenyewe. Ikanguruma, ikajibana. Doto akakaa chini akaanza kuchonga mpini wa koleo, hiyo kwa Doto ni matusi.

Alafu tajiri akatoa wazo. "Basi ishusheni, ikakae chini karibu na maji."

Kimya. Hata Doto akaacha kuchonga.

Mashine ya petroli haishuki shimoni. Sijui nisemeje watu waelewe. Injini inatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, huikohoi, unasikia kichwa kizito na usingizi, unakaa chini upumzike kidogo na hapo hapo ndo mwisho. Anashuka mwenzio kukuangalia, naye anakaa. Kwenye duara la mdomo wa mita moja na ishirini hiyo sumu itapita wapi itoke? Hata jenereta letu tunaliweka mbali, upande ambao upepo hauleti moshi kwenye mdomo.

Tajiri akasema kuna sehemu kaona wanashusha. Masalu akamjibu kitu kimoja tu, "Mzee, wewe ukitangulia, sisi tunafuata."

Hakutangulia. Akaomba helmeti, akapigwa picha amesimama mdomoni kabeba moko (tindo ya kupasulia mawe) na nyundo ambavyo hata kuvishika hajui, akaondoka kwenye saa 4 na nusu hivi, pampu akatuachia na maneno kwamba vijana wa siku hizi tunapenda visingizio. Jioni hiyo picha naikuta kwenye status yake, kaandika "jasho langu".

Kuanzia hapo ni winchi

Winchi ni gogo lenye mikono miwili, kamba, na dumu la lita 20 lililokatwa mdomo. Wawili wanazungusha, mmoja chini kwenye kamba anachota, maji yanamfika kifuani, wawili wanapumzika na mmoja anamwaga mbali ili yasirudi. Kila nusu saa mnabadilishana. Dumu moja kama dakika mbili kupanda na kushuka. Madumu 30 kwa saa, lita 600. Nilihesabu mpaka 90 nikaacha maana namba zilianza kunikera.

Kiganja kwanza kinapata joto, alafu kinakuwa kama si chako, alafu yale malengelenge ya wiki iliyopita yanapasuka na maji ya kamba yanaingia humo. Unabadilisha mkono. Na huo nao una yake. Mgongo usiseme. Katikati ya hapo simu inaita, tajiri, "mmefikia wapi?" Hajafika hata Usagara.

Mama lishe kaleta ugali na dagaa wa ziwani saa 7, au ilikuwa 8, tumekula kwa zamu tumesimama. Kamwambia Shija "mwanangu si bora urudi mjini ukaendeshe boda," Shija akasema "boda nilikuwa nayo mama, niliiuza nije huku," mama akacheka mpaka akashika nguzo, akamuongezea dagaa bure.

Sijui ni saa 10 au imezidi, maji yakawa yameshuka karibu mita mbili na tundu likaonekana.

Tundu lenyewe

Wiki mbili nyuma tukifuata mwamba, yaani mkanda wa mawe yenye dhahabu, tulitobozana na shimo la zamani. Nyundo ya Kulwa ilizama tu ukutani, kukawa na uwazi nyuma, hatukuwahi kuingia mvua ikaja. Njia yake inapanda kwenda juu, kwaiyo maji yaliziba mlango tu. Habari kijijini ilishavuma kwamba tumefumua pango la Wajerumani lina dhahabu ya Wajerumani imepangwa. Huku kila shimo ambalo mwenyewe hajulikani ni la Mjerumani. Kuna mzee alikuja kabisa kutuambia bila mbuzi mweusi hatutoki. Sisi tulivyo na njaa tukipata mbuzi hata awe na rangi gani hafiki shimoni.

Tulichohofia ni hewa. Masalu akaingiza koroboi kwenye tundu kwa fimbo ndefu. Moto ukafupika, ukawa wa bluu kidogo, ukalala, ukazima. Basi hapo hauingii hata ukiahidiwa nyumba. Na hata ungewaka, moto unakuambia oksijeni ipo, haukuambii kama sumu haipo. Tukashusha mpira wa bloa, feni ya kupuliza hewa, jenereta likasukuma hewa humo saa nzima na ushee, mafuta tumenunua kwa hela ya mboga. Koroboi ya pili ikawaka vizuri, bloa hatukuizima.

Tukaingia watatu, Masalu, Kulwa na mimi, tochi kichwani, kwa tumbo kama mita nne, alafu ukainuka. Aisee. Unaweza kusimama. Baada ya wiki nzima ya kuinama nilinyoosha mgongo nikasikia unalia kama mlango. Chumba kama cha kupanga, kipana zaidi, kuta zina alama za moko zimeshuka kwa mistari, unaona kabisa hapa alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Maji yanadondoka sehemu moja tu. Tukamulika chini kutafuta Mjerumani, tukakuta yeboyebo la mguu mmoja, la kijani, na betri mbili kubwa za tochi zimevimba kutu. Kulwa akacheka mpaka Masalu akamfokea, sauti nayo ni mtikisiko.

Alafu Masalu akamulika katikati, tukanyamaza wote.

Katikati wale wazee waliacha nguzo. Ya jiwe lenyewe la mlima, nene kama mtu akikumbatia mikono isikutane, imeshika paa. Na ndani ya nguzo unapita mstari wa mawe meupe upana wa kiganja, una kutu ya kahawia pembeni, mwamba wenyewe kabisa ambao tumeutafuta tangu mwezi wa kumi na moja. Wamekula pande zote, wameacha hapo, walijua walichokuwa wanafanya. Kulwa akaweka kiganja pale akakiacha. Mara ya mwisho kuuza ilikuwa mwezi wa pili, gramu 11, soko la madini mjini, mrabaha wa serikali asilimia 6, ukaguzi asilimia 1, tajiri wake, mwenye leseni wake, mwenye shamba wake, mafuta, matimba, kilichobaki mkigawana sita ni cha kununua gumbuti na kumtumia mama kidogo.

"Hiyo haiguswi," Masalu kasema.

"Kaka, hata kwa kukwangua tu."

"Kulwa. Toa mkono."

Akatoa. Tukapima paa kwa hatua na kamba, tunahitaji matimba kama thelathini kabla hata ya kuanza kufikiria, tukatoka kwa tumbo vile vile. Nilipofika juu kulikuwa na giza, Shija akaandika muda kwenye daftari, sikuangalia.

Usiku

Nimeoga dumu moja. Mikono haishiki kijiko, nimekula uji. Tajiri kapiga, "mmefika mwamba?" Nikamwambia tumefika mzee, ila ndo unaoshikilia paa. Kimya kidogo, alafu akasema, "si mtoe kidogo kidogo upande mmoja?" Nikamwambia mtandao unakata nikakata.

Naandika hapa simu ina asilimia 9, Doto anakoroma, na kitu kimeanza kugonga turubai. Tone moja. La pili. Masalu gizani huko kasema, "Mabula, toka ukafunike duara."