Gauni la dada

Dereva wa bodaboda aliyenichukua Ganze, kule Kilifi, Kenya, hakunijua. Nilipomtajia kijiji aliniangalia viatu, akaangalia sanduku, akauliza, "Wewe ni wa mradi?" Nikamjibu hapana. Tulikuwa tumeshapita mbuyu wa pili nilipokumbuka kwamba nimemdanganya.

Niliwahi kuwa wa mradi, yaani mtoto anayefadhiliwa na mtu wa ng'ambo kupitia shirika, miaka minne, 1994 hadi 1998. Nilikuwa na namba, faili, picha na mzungu. Hivyo ndivyo tulivyosema, "mzungu wangu", kama mtu asemavyo mbuzi wangu. "Mzungu wako kaandika?" "Bado, wako je?" Wa mwenzangu wa dawati alituma penseli za rangi. Wangu alituma kadi ya Krismasi yenye theluji, na picha yake akiwa amempakata mbwa. Mama aliikazia macho ile picha, kisha akauliza yule mbwa analishwa nini hata akanenepa namna ile.

Sasa nimerudi, baada ya miaka 13 Uingereza nikitunza wazee. Sikuwahi kuja hata mara moja. Kwanza zilikuwa karatasi, kisha ikaja korona, kisha ikawa aibu ya kukaa sana. Mama nilimzika kwa simu. Hayo nayaacha hapo.

Nataka kusema juu ya shule, kwa sababu ndiko dada alikonipeleka kesho yake asubuhi kabla hata sijafungua sanduku.

Shule yetu haikuletwa na shirika. Wazazi ndio walioikandika, vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa makuti, na sisi watoto tulibeba maji ya kukandika kutoka bwawani. Mradi ulikuja baadaye ukakuta watoto tayari wameketi chini. Ukaleta madawati, mabati, tangi la maji na mashine ya kusaga. Na ukaleta siku ya picha.

Siku ya picha afisa alikuja na gari, kamera na orodha. Sharti lilikuwa mtoto mmoja kwa kila nyumba, tena mdogo, maana mtoto mdogo atafadhiliwa miaka mingi kabla hajakua. Mimi nilikuwa na miaka minane, dada 11. Basi ikawa mimi. Shida ni kwamba sikuwa na nguo ya kuvaa mbele ya kamera. Mwenye nguo alikuwa dada: gauni la buluu la mtumba lenye kola nyeupe, ambalo mama alimnunulia Kilifi kwa ajili ya Krismasi. Mama akamwambia amvulie mdogo wake. Dada akalivua palepale nyuma ya darasa, akavaa langu lililopasuka kwapani. Kwa kuwa gauni lilinipwaya, akasimama nyuma yangu amelikusanya kiunoni kwa ngumi ili likae sawa. Afisa akamwambia asogee kidogo, mkono unaonekana.

Nikapigwa picha. Nimenuna, kama watoto wote wa picha zile. Hatukuwa na huzuni yoyote, jua lilikuwa machoni.

Enzi hizo, kabla ya 2003, shule ya msingi haikuwa bure. Kulikuwa na pesa za jengo, za mtihani, za hiki na kile. Asubuhi kwenye gwaride mwalimu mkuu alisoma majina ya wanaodaiwa, nao wakatoka mstarini kwenda nyumbani. Sisi wa mradi hatukusomwa. Dada alisomwa. Alikwenda akarudi, akaenda akarudi, na muhula mmoja akiwa darasa la sita hakurudi. Shangazi alimchukua Mombasa kufanya kazi za nyumba. Mimi nilikuwa nikiandika barua: mpendwa mfadhili, sisi sote hatujambo, mbuzi wetu amezaa.

Kibaki alipoingia madarakani na elimu ikawa bure, Januari 2003, wanafunzi wa msingi nchini waliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka uliofuata Mzee Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84. Dada alimsikia redioni, wakati huo akiwa na mtoto mgongoni. Alicheka sana. Alisema yule mzee bila shaka hana kuni za kutafuta.

Mzungu wangu aliacha 1998. Ilikuja barua fupi kwamba amesitisha kwa sababu zake binafsi. Nililia siku mbili, nikidhani ni kwa sababu ya barua yangu ya mwisho ambayo ilikuwa na kosa la hijai. Leo nikifikiri, huenda alifukuzwa kazi au alikufa tu, maskini. Lakini mtoto wa miaka 12 hajui hayo. Anajua kwamba kuna mtu mbali alikuwa anampenda, na sasa hampendi.

Miaka mingi baadaye, Leeds, kijana mmoja wa jaketi la rangi kali alinisimamisha barabarani na ubao wake wa fomu. Alitaka nimfadhili mtoto wa Afrika kila mwezi. Akanionyesha picha ya msichana amenuna, jua machoni, gauni la kuazima. Najua gauni la kuazima nikiliona. Nikamuuliza, "Huyu ana dada?" Akatazama nyuma ya kadi, akasema haikuandikwa. Nilicheka mpaka akaanza kurudi nyuma.

Lakini swali lilinibana, nikaanza kusoma. Utaratibu huu ni wa zamani kuliko nilivyodhani. Shirika la Plan lilianza 1937 na watoto wa vita vya Hispania. Shirika la ActionAid lilianza 1972 na Waingereza 88 waliokubali kuwafadhili watoto wa India na Kenya. Kenya tumo tangu mwanzo, basi. Nikajifunza pia kwamba mashirika mengi siku hizi hayampi mtoto pesa mkononi. Uso ni wa mtoto mmoja, ila michango huchanganywa ikajenga darasa au kisima cha wote. Wapo wanaoona huo ni udanganyifu. Mimi naona afadhali hivyo kuliko kumvisha mmoja kati ya wawili.

Halafu nikapata utafiti wa 2013, wa mchumi Wydick na wenzake, juu ya watu 10,144 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliwachunguza waliofadhiliwa utotoni na shirika la Compassion, ambalo silo lililonifadhili mimi. Wakakuta waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi, na ukubwani walipata kazi za mishahara zaidi kuliko wengine. Habari njema, nami nimo humohumo. Nikaendelea kusoma namna walivyopima: waliwalinganisha na ndugu zao wa nyumba moja ambao hawakufadhiliwa, wengi kwa sababu shirika lilipofika kijijini umri wao ulikuwa umepita. Hapo nilifunga kompyuta. Dada yangu ni kipimo. Ili ijulikane nimekwenda mbali kiasi gani, lazima yeye abaki pale.

Ila kusema kweli, huyo niliyemkuta hakubaki popote.

Ni mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule, na ndiye mkuu wa jiko. Vyumba vya udongo havipo, kuna madarasa ya mawe yenye maandishi ya CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jimbo, ukutani, na tangu 2023 imeongezwa Gredi 7, kisha 8 na 9, humohumo, wavulana wenye sauti nzito wakipishana na watoto wa chekechea. Mashine ya kusaga ya mradi imekufa, kuku wanalala ndani yake. Tangi la maji lipo na linafanya kazi. Namba yangu ya mradi niliyoichora kwa msumari kwenye simiti ya tangi bado inasomeka.

Elimu ni bure, lakini jikoni hakuna cha bure. Serikali inahesabu shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na zikifika zina kazi zake. Chakula kiliwahi kuletwa na WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ambao 2018 walimaliza kuukabidhi mpango huo kwa serikali. Pale kwetu mahindi huja kwa siku zake yenyewe. Ukame wa hapa karibuni ulipokaza, watu walirudi porini kuchoma makaa na watoto wakawafuata. Ndipo akina dada wakaamua shule isingoje gari la mtu. Kila nyumba ilete vibaba vya mahindi au shilingi mia tatu kwa muhula, pamoja na mzigo wa kuni. Humo hutoka pia posho ya mwalimu mmoja wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, maana walimu wa TSC, wale wa serikali, hawatoshi.

Nilisimama jikoni nikamtazama. Sufuria linalotosha kuoga mtoto, mafiga matatu, pure ya mahindi na maharagwe inachemka polepole. Anapima maharagwe kwa kibaba cha mbao cha marehemu mama, juu anapasawazisha kwa kiganja. Mlangoni kuna daftari lenye mistari ya rula: jina la nyumba, mahindi, pesa, kuni. Nikaona nyumba nyingi zina nafasi tupu. Nikamuuliza, watoto wa hawa wanakula? Akaniangalia kana kwamba nimeongea Kizungu. "Sasa wasile, watazame wenzao?"

Jioni nyumbani kwake nikaiona ile picha. Nakala yake tulipewa zamani, nami nilidhani ilipotea. Ameiweka kwenye fremu, juu ya redio. Nilishikwa na uchungu, nikaanza kusema maneno ya shukrani, kwamba kumbe miaka yote hii amenitundika ukutani. Akanikatiza. "We nani kakutundika? Hilo ni gauni langu. Sina picha yake nyingine." Akaishusha, akaipangusa kwa kanga, akanionyesha pembeni ya kiuno, pale ambapo ukiangalia vizuri kuna vifundo viwili vya vidole vyeusi vimeng'ang'ania kitambaa. Afisa alisema asogee, naye alisogea, ila hakuachia.

Nilikuwa nimekuja na bahasha. Nilipanga kuitoa kwa ajili ya shule, nilikuwa hata na hotuba. Asubuhi nikamkabidhi jikoni. Akahesabu, akatoa shilingi mia tatu, zilizobaki akanirudishia. "Hizi peleka kikao cha Ijumaa, wazazi waseme zifanye nini. Mimi siwezi kuzipokea peke yangu, watasema nina mzungu." Akafungua daftari, akapiga mstari chini ya jina la mwisho, akaandika langu. Mahindi: kistari. Pesa: 300. Kwenye kuni akaacha wazi, akanitazama.

Kuni nilizileta Jumatano. Alizipokea mlangoni, akazigonga moja moja kwa kifundo cha kidole, na mbili akazitupa kando. Mbichi.